Betri za Kuchaji Kwenye Kamera ya Mkanda: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

"Kamera ilikuwa nzima na betri za dukani. Nimeweka za kuchaji, imekufa." Maneno haya nimeyasikia kwa wenye kamera za mkanda, yaani za filamu, mara nyingi hadi siku hizi simsubiri mtu amalize. Namuuliza: betri gani, umezichaji na nini, na mara ya mwisho kumulika chumba cha betri kwa tochi ilikuwa lini? Jibu huwa limo humo humo.

Wengi huanza kwa kulaumu volti. Betri ya kutupa imeandikwa 1.5, ya kuchaji imeandikwa 1.2, basi hazitoshi. Hesabu hiyo inashawishi, lakini haisemi yote. Alkalaini, yaani ile ya kutupa, huanza na volti 1.5 au 1.6, kisha inashuka taratibu tangu picha ya kwanza hadi karibu 0.9. Mota ikianza kuvuta, inaporomoka zaidi. Betri ya nikeli, yaani ile ya kuchaji, inatoka kwenye chaja ikiwa na 1.4 na ushee, inatulia kwenye 1.2 na kitu, halafu inakaa hapo hapo karibu hadi mwisho wake. Kamera inayoweza kuvumilia alkalaini iliyochoka nusu itaivumilia nikeli iliyojaa.

Kinachowaangusha watu ni betri mbovu, chaja mbovu na vyuma vichafu vinavyogusa betri, na mara nyingi ni vyote vitatu kwa pamoja. Tufuate kimoja kimoja.

## Vitu vya kuandaa

- Betri za NiMH (ndizo hizo za nikeli) saizi AA, za aina inayotunza chaji ikikaa. Nunua seti mbili, chapa moja, siku moja.
- Chaja inayochaji kila betri peke yake.
- Multimita (kipima volti) ya kawaida, hata ile ya bei ya chini wanayotumia mafundi redio.
- Rizista moja ya ohm 1, wati 5. Inapatikana kwa fundi yeyote wa redio.
- Vijiti vya pamba, spiriti, siki nyeupe na ufutio wa penseli.
- Kalamu ya wino usiofutika.
- Mkanda mmoja ulioharibika au uliopitwa na muda. Usiutupe, utafanya kazi kubwa hapa.
- Seti moja ya alkalaini mpya, kwa kulinganisha na kwa dharura.

## Hatua ya 1: Jua kamera yako inakula nini

Fungua mlango wa betri usome, usikisie. Kuna makundi matatu.

Kamera za AA. Nikon F801, F90 na F100 hutumia nne. Nikon L35AF ya 1983, ile ndogo yenye flashi inayochomoza juu, hutumia mbili. Nikon F5 ya 1996 hutumia nane, na Nikon wenyewe waliitengenezea pakiti ya nikeli iitwayo MN-30, kwa hiyo wazo la nikeli kwenye kamera ya mkanda halikuanzia kwa wabahili. Hata winda ya Canon AE-1, ile Power Winder A inayofungwa chini kuvuta mkanda, hutumia AA nne. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya hizi.

Kamera za betri ndogo za kitufe. Pentax K1000 ina kitufe kimoja cha LR44 au SR44, tena kwa ajili ya kipima mwanga tu. Kikiisha, shata inaendelea kupiga kama kawaida. Minolta X-700 ina viwili. Canon AE-1 yenyewe, bila winda, ina betri moja fupi ya volti 6. Hapa usijisumbue na kuchaji. Matumizi ni madogo mno, seti moja inakaa muda mrefu, na vitufe vingi vya kuchaji vinavyouzwa vina volti tofauti kabisa.

Kamera za lithiamu: CR123A, CR2, 2CR5. Olympus mju ya 1991 iko humu, pamoja na Canon EOS nyingi za mkanda. CR123A ya kutupa ni volti 3. Zile za kuchaji zenye umbo kama lake, zilizoandikwa 3.7, zinatoka kwenye chaja na 4.2. Mimi siweki. Zipo za chuma-fosfeti zenye volti 3.2, ambazo ni afadhali, lakini nazo zikijaa hupanda hadi karibu 3.6. Kamera hizi hazitengenezwi tena, saketi ikiungua utaishia kununua kamera nyingine nzima. Nunua ya kutupa uendelee na maisha.

Onyo kubwa kuliko yote humu. Kuna betri inaitwa 14500. Ina saizi ya AA kabisa, inaingia bila shida, na ni lithiamu ya volti 3.7 inayofika 4.2 ikijaa. Nne zake ni volti 16.8 kwenye kamera inayosubiri 6. Muuzaji anaweza kukuambia "hii ni AA yenye nguvu". Ikiwa imeandikwa 3.7V, irudishe mezani kwake.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kusema kwa uhakika "kamera yangu inakula AA, nne" au "mbili".

## Hatua ya 2: Chagua betri, na ukatae zinazodanganya

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Soko limejaa AA zilizoandikwa 3800, 4500, hata 4700 mAh (miliampea-saa, kiasi cha umeme inachobeba betri). Betri ya nikeli ya saizi hiyo haiwezi kubeba hivyo. Nzuri kabisa zinaishia karibu 2700. Maandishi makubwa kupita hapo ni ishara ya kuondoka dukani. Njia nyingine ni uzito. AA ya nikeli ya kweli ina gramu 26 hadi 30, nzito kuliko alkalaini ya gramu 23 hivi. Za uongo huwa nyepesi kama zina hewa ndani. Mwombe muuzaji uishike moja mkono wa kulia na alkalaini mkono wa kushoto. Kama ya kuchaji ndiyo nyepesi, asante na kwaheri.

Kati ya za kweli, chagua zinazotunza chaji. Sanyo walizitoa za kwanza mwaka 2005 kwa jina la Eneloop, ambalo sasa liko chini ya Panasonic, na kampuni nyingine zikafuata. NiMH za zamani zilikuwa zikipoteza sehemu kubwa ya chaji ndani ya wiki chache zikiwa zimelala kabatini. Kwa mpiga picha wa mkanda hilo ni balaa, maana mkanda mmoja unaweza kukaa ndani ya kamera miezi miwili.

Je, uchukue 2000 au 2500 mAh? Chukua 2000. Kubwa inavutia, lakini Eneloop za kawaida zimepimwa na kiwanda kuvumilia kuchajiwa mara 2100, na za 2500 mara 500 tu. Tena za uwezo mkubwa mara nyingine ni nene kidogo na hukwama kwenye vyumba vya kamera za zamani. Nimeshaona mtu akiitoa moja kwa koleo, na ngozi ya plastiki ikabaki ndani.

Na zile AA za lithiamu zinazochajiwa kwa waya wa simu, zilizoandikwa 1.5V? Ndani yake kuna saketi ndogo inayoshusha volti. Kwa rimoti na saa ya ukutani ni nzuri. Kwenye kamera zina kasoro mbili: flashi ikivuta umeme mwingi kwa ghafla, ile saketi inaweza kujikata, na kwa kuwa zinatoa 1.5 ile ile hadi dakika ya mwisho, kamera itakuonyesha betri imejaa halafu izimike katikati ya picha. Mimi nimezihamishia kwenye kipanya cha kompyuta.

Umefanikiwa ikiwa: una seti mbili, na umeandika kwa kalamu A1, A2, A3, A4 na B1, B2, B3, B4. Kuanzia leo A haichanganyiki na B. Sababu ni hii: betri zikiwa kwenye mstari mmoja, iliyo dhaifu huisha mapema, nyingine zinaendelea kuisukuma hadi inageuka chanya kuwa hasi. Hapo imeharibika, na itakuharibia seti nzima.

## Hatua ya 3: Safisha vyuma kabla ya kuweka chochote

Watu wengi huiruka hatua hii. Ukiweza kufanya moja tu, fanya hii.

Mota ya kamera inaweza kuvuta ampea mbili kwa muda mfupi. Uchafu wenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya ohm tu, kwa ampea mbili, unakula volti 0.2. Kwenye kamera ya betri nne una 4.8, utavumilia. Kwenye L35AF yenye mbili una 2.4, na uchafu huo huo unaumiza mara mbili. Alkalaini mpya ilikuwa inaficha tatizo kwa sababu ilianza juu zaidi. Ndiyo maana unaambiwa "na za dukani ilifanya kazi".

Mulika kwa tochi. Tafuta unga mweupe, ukoko wa kijani au bluu, au chuma kilichopauka. Angalia springi hadi mzizi wake, na upande wa ndani wa mlango.

1. Vaa glovu. Kinachovuja kwenye alkalaini kinachoma ngozi na ni hatari kwa macho.
2. Dondosha tone la siki kwa kijiti cha pamba. Likitoa mapovu, ni uvujaji wa alkalaini na siki inaumaliza. Lisipotoa mapovu, huenda zilikuwa betri za zinki. Acha siki, nenda kwenye spiriti.
3. Futa kwa kijiti kipya chenye spiriti hadi pamba itoke nyeupe.
4. Sugua vyuma kwa ufutio wa penseli, kisha futa vumbi lake. Usitumie msasa, unakwangua ule mng'aro wa juu, na kutu itarudi haraka kuliko ilivyokuja.
5. Acha ikauke saa moja mlango ukiwa wazi.

F100 yangu niliinunua ikiwa na mpira wa nyuma uliogeuka gundi, ugonjwa wao unaojulikana, nikahangaika na huo mpira wiki nzima. Kumbe shida ilikuwa kwenye kile kitoroli kinachobeba betri, MS-12. Kwenye kichuma kimoja kulikuwa na doa la kijani dogo kama punje ya ulezi. Kioo kilikuwa kinaonyesha nusu betri hata nikiweka zilizotoka kwenye chaja saa hiyo. Nilisugua dakika mbili. Sauti ya mota ilibadilika kabla hata sijatazama kioo.

Umefanikiwa ikiwa: kila chuma kinang'aa, na springi ukiibonyeza inarudi yenyewe.

## Hatua ya 4: Chaji kwa chaja yenye akili

Chaja za bei rahisi zinazouzwa pamoja na betri huchaji mbili mbili na kuhesabu saa tu. Ina taa moja kwa betri mbili? Ni hizo. Betri moja ikiwa imebaki na nusu na mwenzake imeisha, moja itachajiwa kupita kiasi na nyingine itabaki na njaa. Na kuna jambo ambalo vitabu vya maelezo vya ng'ambo havilitaji: umeme ukikatika na kurudi, nyingi ya chaja hizo huanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Umeme ukikatika mara tatu usiku, umezipika betri zako.

Nzuri ina taa au namba kwa kila betri, na inajua kusimama yenyewe kwa kusoma mabadiliko ya volti betri inapojaa.

Chagua kasi ya wastani. Kwa betri ya 2000 mAh, miliampea 500 hadi 1000 inafaa. Kasi ya saa moja tuwaachie wenye haraka. Weka chaja mahali penye kivuli na hewa, si dirishani kwenye jua la saa nane. Betri kuwa vuguvugu mwishoni ni kawaida. Ikiwa huwezi kuishika kiganjani kwa kuhesabu hadi kumi, itoe, kuna kasoro.

Chaja nzuri mara nyingine hukataa betri iliyolala miaka na kuisha kabisa. Betri ya namna hiyo usiibembeleze kwa ajili ya kamera.

Umefanikiwa ikiwa: zote zimemaliza kwa muda unaokaribiana. Moja ikijaa ndani ya dakika ishirini wakati wenzake wamechukua saa tatu, hiyo imechoka.

## Hatua ya 5: Pima, tena ikiwa na mzigo

Acha betri zitulie usiku mmoja, kisha pima kwa multimita. Nzuri itasoma 1.3 na kitu. Chini ya 1.2 baada ya siku moja tu, iweke pembeni.

Lakini kipimo hicho hakitoshi. Betri iliyochoka inaweza kusoma 1.3 ikiwa imelala na kuanguka mara tu ikifanyishwa kazi, kama mtu mwenye afya hadi apewe jembe. Kwa hiyo shikiza rizista ya ohm 1 kwenye ncha mbili za betri, na upime volti wakati huo huo. Sekunde tano zinatosha. Rizista itapata moto, usiishike kwa vidole vitupu.

- 1.15 na zaidi: nzima.
- Kati ya 1.05 na 1.15: itumie kwenye tochi.
- Chini ya hapo: haifai kamera.

Andika namba daftarini mbele ya A1, A2 na wenzake. Baada ya miezi sita utapima tena, na hapo ndipo daftari litakulipa.

## Hatua ya 6: Weka, uhakikishe zinagusa

Angalia kichwa cha chanya. Baadhi ya betri za kuchaji zina kichwa kifupi na kipana kuliko alkalaini, na baadhi ya kamera zimeficha chuma cha chanya ndani ya kishimo ili mtu asigeuze betri. Kichwa kifupi hakifiki chini. Betri imejaa, kamera imekufa, na hakuna kilichoharibika.

Ili kujua, weka betri mlango ukiwa wazi na uzisukume kidogo kwa kidole. Zikicheza huku na huko, springi imelegea. Ivute nje milimita moja au mbili, taratibu. Kama ni kichwa kisichofika, badilisha chapa ya betri. Wapo wanaoweka karatasi ya sigara iliyokunjwa. Usifanye hivyo: ikiteleza na kuunganisha chanya na hasi, betri za nikeli hutoa umeme mwingi kwa ghafla na kuchoma plastiki.

Umefanikiwa ikiwa: unatikisa kamera sikioni na husikii kitu.

## Hatua ya 7: Jaribu kwa mkanda wa kufa

Watu hujaribu kamera tupu, inalia vizuri, wanaweka mkanda mpya, inakwama picha ya sita. Mota isiyovuta mkanda haina kazi. Weka ule mkanda ulioharibika upige picha 36 mfululizo, flashi ikiwaka kama kamera inayo, kisha uurudishe ndani hadi mwisho. Kurudisha ndiko kunakobana betri, kwa kuwa mota inavuta bila kupumzika.

Alama ya betri ikionyesha nusu tangu mwanzo, usishtuke. Kwenye kamera nyingi iliwekwa kwa kufuata volti za alkalaini, na kwa macho yake 1.2 ni betri iliyotumika. Sikiliza mota: mlio wa picha ya 36 ufanane na wa kwanza.

Ikikwama, weka alkalaini mpya urudie. Ikikwama na hizo pia, kamera ndiyo mgonjwa. Ikipita, rudi hatua ya 3 na ya 6 kabla ya kulaumu betri. Na ikipita kila kitu isipokuwa nikeli, ujue kamera yako ni mojawapo ya zile chache zinazojizima mapema. Zipo, hasa ndogo za betri mbili. Huwezi kubishana nazo.

## Hatua ya 8: Siku ya kazi

Nikeli haiagi. Inakaa 1.2, 1.2, 1.2, halafu inaanguka ndani ya picha chache. Kwa hiyo usisubiri alama. Hesabu mikanda: kwa jaribio lako ukijua seti inamaliza mikanda kumi, badilisha ya saba.

Badilisha kati ya mkanda na mkanda. Ukilazimika katikati, zima kamera, andika namba ya picha, badilisha haraka, na usiguse mlango wa nyuma.

Ikizimika katikati ya kurudisha mkanda, tulia. Kamera imenyamaza, unadhani imemaliza. Nilidhani hivyo kwenye send-off moja Morogoro, nikafungua mlango, mwanga ukaingia, na bibi harusi na shangazi zake wote wakageuka weusi kwa nusu ya mkanda. Weka seti B, bonyeza vitufe vya kurudisha, usikilize hadi mlio wa kuvuta ugeuke kuwa mwepesi. Baada ya hapo ndipo ufungue.

Flashi za nje, kama Vivitar 283 yenye AA nne, ndizo zinazofurahia nikeli kuliko kamera yenyewe, maana zinajaa haraka zaidi kuliko kwa alkalaini. Kasi hiyo ina gharama yake, joto. Ukipiga kwa nguvu zote mara kumi mfululizo, ipumzishe dakika chache. Ukisikia harufu ya plastiki umeshachelewa.

Ukirudi nyumbani, toa betri kama hutapiga kwa zaidi ya mwezi. Nikeli huvuja kwa nadra kuliko alkalaini, lakini kamera nyingi za umeme hunyonya kidogo hata zikiwa zimezimwa. Na zile utakazozistaafisha kwa kipimo cha hatua ya 5, zifute herufi kwa spiriti kabla ya kuzipeleka kwenye rimoti ya televisheni, maana siku moja ya haraka utazirudisha kwenye begi bila kujua.